Kompresa haijui kilo

Juzi usiku, saa nne hivi, mdogo wangu mmoja ambaye ndo kwanza kaanza kazi ya uhasibu kwenye kiwanda kimoja huku kwetu Ilemela, Mwanza, alinipigia simu, sauti tu unasikia mtu kachoka, akaniuliza dada hivi nyie ovahedi, zile gharama za pamoja za kiwanda, mnagawaga kwa kigezo gani, maana mimi bosi kaniambia jumlisha zote gawa kwa kilo basi, na nikigawa kwa kilo hesabu inafunga vizuri lakini moyo unakataa. Nikamwambia moyo wako uko sahihi, ila haya mambo hayaishi kwenye simu, acha nikae niandike. Kwa hiyo hii ni yake, na ni ya yeyote anayekesha na Excel ya kiwanda huku kanda ya ziwa akitafuta kujua kilo moja ya mzigo wake imemgharimu shilingi ngapi kweli kweli.

Kwenye kiwanda cha samaki kuna gharama ambazo hazisumbui. Sangara umemnunua kwa kilo, bei iko kwenye karatasi ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Boksi la kufungashia unaliona limetoka stoo. Vibarua wanaokata minofu wanaandikwa wamekata kilo ngapi. Hizo unaziona kwa macho zinaingia kwenye bidhaa gani, hakuna wa kubishana na wewe. Kazi inaanza kwenye zile zingine, ndo hizo ovahedi: umeme, mshahara wa supavaiza, maji, klorini ya kuoshea meza na sakafu, maabara, dizeli ya jenereta umeme ukikatika, spea, bima, walinzi, uchakavu wa jengo na mashine. Hakuna mnofu unaotoka pale mlangoni na risiti ya mlinzi. Ni gharama za wote na lazima zilipwe na wote, swali ni nani alipe ngapi, na hapo ndipo wahasibu wengi tunapokimbilia kilo kwa sababu kilo ipo tayari kwenye daftari la uzalishaji, huhitaji kumuuliza mtu.

Kiwanda changu cha kwanza nilikuta hivyo hivyo. Tulikuwa na bidhaa mbili kubwa. Moja minofu freshi, inakatwa asubuhi, inapozwa, inafungwa kwenye maboksi yale meupe, inapanda ndege kwenda Ulaya, ukichelewa siku mbili ushaharibu biashara. Nyingine minofu ya kugandisha, hii ikishakatwa inaingia kwenye lile friza kubwa tunaloliita blasti, nyuzi kama 35 chini ya sifuri, ikitoka humo inahamia koldi rumu inakaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, inasubiri mpaka mzigo wa kontena utimie ndo iteremke bandarini Dar. Bidhaa zote mbili zinatoka kwa samaki yule yule, meza ile ile, visu vile vile. Kwenye vitabu vyetu zote zilibeba ovahedi sawa kwa kilo. Na mimi nilikuwa naiandaa hiyo ripoti kila mwezi, naisaini, naipeleka.

Kilichonitoa ofisini ni bili ya umeme. Mwezi mmoja uzalishaji wetu ulishuka kidogo lakini bili ikapanda, nikaambiwa andika maelezo. Nikaona nisitunge, nikashuka chumba cha mashine saa kumi na moja asubuhi shifti inapobadilishana. Yule fundi wetu wa mitambo ya baridi ni mtu mzima, kaanza kazi hizi kiwanda bado kipya. Nikamsalimia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, leo ofisi imetushukia, kuna nini. Nikamweleza. Hakunijibu kwa maneno, akanivuta mpaka kwenye paneli akaniambia tazama huo mshale wa ampia usiuache. Akapiga simu upande wa pili, wakafungua mlango wa blasti, zikaingia troli za minofu ya asubuhi. Ule mshale ukaanza kupanda taratibu, ukapita nusu, ukaendelea, na sauti ya kompresa, ile mashine inayotengeneza baridi, ikabadilika ikawa nzito kama lori linapandisha mlima, na bomba lililokuwa mbele yangu lilikuwa na barafu nyeupe unene wa kidole. Baadaye akanionyesha kompresa inayohudumia chumba cha kupozea freshi. Troli zimeingia, mshale umetikisika tu ukarudi.

Akaniambia, "Mwanangu, nyie mnagawaga kwa kilo. Hii kompresa haijui kilo, inajua joto. Ukiileta ya kupoza naitoa joto kidogo napumzika. Ukiileta ya kugandisha hapo ndo kazi, na ikishaganda hamuichukui, mnaniachia humu wiki tatu niilinde."

Nikamwambia wabeja sana mzee, nikarudi ofisini nikafungua madaftari ya fizikia ya kidato cha nne kichwani. Maji yakiwa nyuzi sifuri, kuyafanya tu yawe barafu ya nyuzi sifuri hiyo hiyo unatakiwa utoe joto linalokaribia kuwa sawa na lile la kuyapoza kutoka nyuzi 80 mpaka sifuri. Na samaki sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Kwa hiyo kilo ya freshi na kilo ya kugandisha zikipita mezani ni ndugu, zikifika kwenye umeme hazijuani kabisa, na sisi tulikuwa tunazitoza sawa.

Tukaomba mita ndogo tatu za umeme. Hazikuwa gharama kubwa ukilinganisha na bili yenyewe, lakini ilichukua muda bosi kukubali maana aliona kama tunanunua vitu vya kuhesabia hela badala ya kuingiza hela. Moja ikafungwa upande wa blasti na koldi rumu, moja upande wa barafu na chumba cha kupozea, moja ikasoma vilivyobaki. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi zinasomwa na kuandikwa kwenye kaunta buku, miezi miwili mizima, kabla hatujagusa hesabu yoyote. Mdogo wangu, hapo usiruke. Ukiruka hapo utaishia kugawa kwa asilimia za kukadiria na bosi atakuuliza hii 70 kwa 30 umeitoa wapi na huna cha kumwonyesha.

Sasa tuingie kwenye namba, nimezirahisisha ili ufuate bila kikokotoo, sio za kiwanda chochote. Chukua mwezi mmoja, ovahedi yote shilingi milioni 180. Kiwanda kimetoa kilo 120,000, freshi 80,000 na za kugandisha 40,000. Kwa kilo ni 1,500 kila moja, freshi inabeba milioni 120 na ya kugandisha milioni 60. Imeisha, unapiga muhuri.

Ila ukiivunja ile milioni 180 mafungu mafungu kwa kuuliza kila fungu linapandishwa na nini, picha inageuka. Fungu la baridi, yaani umeme wa mitambo, amonia, spea na fundi, ni milioni 75, na mita zinasema milioni 60 ni za upande wa kugandisha, 15 upande wa freshi. Fungu la maabara na ubora ni milioni 24. Hili halipandi kwa kilo, linapanda kwa loti, yaani mzigo uliotengenezwa pamoja, maana kila loti inachukuliwa sampuli zake uwe umeweka kilo elfu moja au elfu mbili, na freshi ikiwa inatoka kidogo kidogo karibu kila siku ina loti 60 wakati ya kugandisha inatoka kwa mafungu makubwa ina loti 20, jumla 80, kila loti laki tatu, kwa hiyo freshi milioni 18 na ya kugandisha 6. (Na usiione maabara kama mzigo. Wazee wa viwandani hapa Mwanza bado wanaikumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, ile ya 1999 ikiwa kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, watu wakarudishwa nyumbani. Zile sampuli ndo zinatuweka sokoni.) Fungu la tatu ni ukumbi wa kukatia, maji, klorini, supavaiza, milioni 45, na hapa kilo ni kigezo halali kabisa kwa sababu kila mnofu unapita meza ile ile, 375 kwa kilo, freshi milioni 30 na ya kugandisha 15. La mwisho ni uchakavu, bima na ulinzi, milioni 36, tukagawa kwa eneo, na koldi rumu inakula eneo, mita za mraba 700 za kugandisha na 500 za freshi, kila mita elfu 30, ya kugandisha milioni 21 na freshi 15.

Jumlisha. Freshi 15 na 18 na 30 na 15, unapata milioni 78, gawa kwa kilo 80,000 ni shilingi 975. Ya kugandisha 60 na 6 na 15 na 21, milioni 102, gawa kwa 40,000 ni shilingi 2,550. Pesa ni ile ile milioni 180, haijaongezeka hata mia, lakini kumbe freshi ilikuwa inabebeshwa 525 kila kilo isiyokuwa yake na ya kugandisha inasamehewa 1,050. Zidisha uone, pande zote mbili zinakutana kwenye milioni 42. Milioni 42 kwa mwezi bidhaa moja inamlipia mwenzake na hakuna mtu ofisini anayejua.

Hii njia ina wenyewe. Miaka ya 1980 maprofesa wa Harvard kina Robin Cooper na Robert Kaplan walikuwa wanaingia viwandani Marekani, kina John Deere wale wa matrekta huko, wakawa wanaonyesha kwamba viwanda vinagawa ovahedi kwa vigezo vya zamani kama saa za kazi za mikono wakati mashine na shughuli zingine ndo zimekuwa gharama kubwa. Wao wakasema gawa kwa shughuli, angalia shughuli gani inakula hela na bidhaa gani inaitumia hiyo shughuli. Chuoni tunaifanyaga kama swali la mtihani, unapewa jedwali limeshajaa. Kiwandani jedwali ni wewe ulijaze, na kujaza ni kushuka chumba cha mashine alfajiri.

Sasa hapa ndipo nataka usome taratibu, maana mimi mwenyewe ilibaki kidogo tufanye uamuzi wa hatari.

Kwa hesabu ya zamani, tukiendelea na namba zile zile za mfano, baada ya gharama zote, freshi ilionekana inaleta faida 300 kwa kilo na ya kugandisha 700. Bosi alikuwa keshaanza kuongea habari ya kupunguza freshi, aongeze blasti ya pili. Hesabu mpya ikatoka, freshi faida 825, ya kugandisha hasara 350. Bosi akaiangalia ile karatasi muda mrefu, akasema basi tufunge blasti wiki ijayo. Nikamwomba siku moja.

Kwa sababu kujua bidhaa imebeba ovahedi kiasi gani ni jambo moja, na kujua ukiiacha utaokoa kiasi gani ni jambo lingine kabisa, na watu wengi tunayachanganya. Ile milioni 102 ya kugandisha, ukifunga blasti kesho, utaokoa zile milioni 60 za baridi na 6 za maabara, tuseme zote. Lakini milioni 21 ya uchakavu na bima ya jengo haiendi popote, koldi rumu tupu bado inachakaa na mlinzi bado analipwa. Na milioni 15 ya ukumbi, sehemu kubwa ni supavaiza na usafi ambao utabaki vile vile. Kwa hiyo 36 inahamia kwa freshi. Upande wa mapato, kila kilo ya kugandisha kabla ya kubeba ovahedi yoyote ilikuwa inabaki na 2,200, mara kilo 40,000 ni milioni 88. Ukiiacha unapoteza 88 unaokoa 66. Kiwanda kinapungukiwa milioni 22 kila mwezi, kwa kufukuza bidhaa ambayo karatasi inasema inakula hasara ya milioni 14. Karatasi haikudanganya, ila ilikuwa inajibu swali la bei na sisi tulikuwa tunaiuliza swali la kufunga.

Kwa hiyo hatukufunga. Tulichofanya ni kurudi kwa yule mzee. Wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii yuniti peke yake, wanalipia na kile kilele cha matumizi ya mwezi, KVA, ina maana ukiwasha vyote kwa pamoja kwa muda mfupi tu ile namba ya juu inaingia kwenye bili ya mwezi mzima. Na sisi shifti ya asubuhi tulikuwa tunawasha mashine ya barafu, blasti na pampu ndani ya nusu saa hiyo hiyo kwa sababu ndivyo shifti ilivyopangwa. Mzee alikuwa analijua hilo miaka yote, hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukaachanisha. Barafu ikahamia usiku, blasti ikapakiwa kwa zamu. Halafu watu wa mauzo wakaambiwa wasigandishe mzigo usio na oda, maana kila wiki unayokaa koldi rumu unalipiwa na mita. Na oda mpya za kugandisha zikaanza kupangiwa bei kwa 2,550 sio 1,500, wengine wakakubali, wengine wakaondoka, na walioondoka walikuwa ndo wale wa bei za kubanwa sana. Kile kilele kilishuka na nikakiona kwenye bili iliyofuata, na nakumbuka nilimpelekea fundi kopi ya ile bili, akaikunja akaiweka mfukoni.

Kuna kitu kingine wapya wanakwama, kiwango cha ovahedi unatakiwa ukiweke mwanzoni mwa mwaka kwa makadirio. Huwezi kumwambia mtu wa mauzo subiri bili ije tarehe 5 ndo nikupe gharama, yeye mteja yuko kwenye simu. Unakadiria ovahedi ya mwaka, unakadiria kigezo, unapata kiwango, unakitumia, mwisho unalinganisha na kilichotokea. Tofauti itakuwepo, usiogope.

Ila kigezo unakikadiria kwa uzalishaji upi, hapo ndo pana moto, hasa kwetu huku ambako kiwanda kimejengwa kwa tani nyingi na samaki anapungua. Viwanda vya ziwa hili vingi vinafanya kazi chini ya uwezo wake, hiyo sio siri. Chukua ovahedi isiyobadilika peke yake, ile unayolipa hata samaki wasipoingia, tuseme milioni 90. Kwa uzalishaji wa kawaida wa kilo 120,000 ni 750 kwa kilo. Mwezi samaki ameadimika umetoa 60,000, mhasibu asiyeangalia atagawa 90 kwa 60,000 apate 1,500, gharama imepanda mara mbili, bei inapandishwa, mteja anakimbia, mwezi unaofuata kilo 40,000, kiwango kinapanda tena, mnaendelea hivyo mpaka mnafunga mkiamini ni bidhaa mbaya. Nimeona watu wanaachishwa kazi kwa hesabu ya namna hii. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za bidhaa ghalani, IAS 2, ambacho nasi Tanzania tunakifuata tangu NBAA, bodi yetu ya wahasibu, iamue kutumia viwango vya kimataifa kuanzia Julai 2004, kinasema wazi kwamba ovahedi isiyobadilika igawiwe kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda. Kwa hiyo ule mwezi mbaya kila kilo inabeba 750 ile ile, jumla milioni 45, na milioni 45 iliyobaki inaandikwa matumizi ya mwezi huo huo, haiingii kwenye stoki. Inauma kuiona pale kwenye ripoti peke yake lakini ndo ukweli, ni gharama ya kiwanda kukaa tupu, sio gharama ya samaki. Na ukizalisha kupita kawaida kwa mbali sana kiwango unakishusha, ili stoki isiandikwe kwa zaidi ya gharama yake.

Mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, nayo yana kesi yake. Samaki mmoja anaingia kiwandani na kutoka kama minofu, mapanki (vichwa na mifupa), mabondo, ngozi, mafuta. Kilo moja ya minofu inataka kama kilo mbili na nusu mpaka tatu za samaki mzima, kwa hiyo uzito mkubwa unaondoka kama mapanki. Sasa jaribu kugawa gharama ya samaki na ya ukumbi kwa uzito hapo, mapanki ambayo yanauzwa bei ya chini kwa kina mama wa kukaanga yatabeba gharama kuliko minofu inayopanda ndege, haiingii akilini. Zamani mabondo yalionekana kama kitu cha pembeni, na kwa cha pembeni kisicho na thamani kubwa IAS 2 inaruhusu uchukue thamani yake ya kuuza ukiondoa gharama za kuuza, uipunguze kwenye gharama ya bidhaa kuu, basi. Lakini bondo la leo si la pembeni, bondo kavu linakwenda Hong Kong na China, na kilo yake inauzwa mara nyingi ya kilo ya minofu. Mimi msimamo wangu ni kwamba mahali mabondo yanaleta hela nzito lazima yakae mezani kama bidhaa kuu na yabebe sehemu yake kwa uwiano wa thamani ya kuuza pale yanapoachana na minofu. Nimebishana na wakaguzi kuhusu hili na nitabishana tena, maana ukiyaacha pembeni minofu inaonekana ya gharama ndogo kuliko ilivyo, na siku bei ya mabondo ikianguka huko China mtashangaa "gharama ya minofu" imepanda wakati hapa kiwandani hakuna kilichobadilika hata kimoja.

Wasomaji wangu wenye viwanda vidogo najua mnasema haya ni ya wakubwa. Mama mdogo wangu yuko Kirumba, anafungasha dagaa. Ana pakiti za dagaa wa jua na pakiti za dagaa wa kukaanga wenye viungo. Kodi ya chumba, mlinzi, LUKU ya taa na mashine ya kubana pakiti, vyote laki sita kwa mwezi, pakiti 4,000, akawa anaweka 150 kila pakiti. Akaniambia, "We mtoto, mimi sina mita tatu wala fundi wa kompresa." Nikamwambia huhitaji, una chumba kimoja na saa 24, andika tu. Nikampa daftari, mjukuu wake akawa anaandika, chumba kimetumika saa ngapi kwa dagaa gani, wiki mbili.

Ikatoka saa 84 za kukaanga na 42 za wale wa jua, maana wa jua kazi kubwa inafanyika nje kwenye chanja, ndani wanakuja kufungwa tu. Mbili kwa moja. Laki nne kwa pakiti 1,000 za kukaanga, laki mbili kwa pakiti 3,000 za jua, yaani 400 kwa pakiti moja na kama 67 kwa nyingine. Na wale wa kukaanga alikuwa anajua anapata 200 kwa pakiti. Toa ile 250 ya nyongeza, anapoteza 50 kila akiuza.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mkurugenzi yeyote: je zile siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, chumba kimekaa kitupu na mlinzi yupo, hizo anazilipa dagaa gani? Nikamwambia hakuna dagaa wa kuzilipa hizo, ziandike peke yake ukurasa wa nyuma. Akasema basi siku hizo ndo nitakaanga, nitaweka akiba ya wakavu giza likiwepo, mwezi ukitoka chumba kinafanya kazi. Kazi ya kukaanga saa 84 zikahamia kwenye siku ambazo alikuwa anazilipia bure. Mbalamwezi ya kwanza imeisha Jumanne. Jumamosi naenda Kirumba kuchukua daftari, nikishajua pakiti ngapi zimetoka nitaweka hapa.